Maksai wa Lokiru na Kazi ya Kakuma

Jumatatu, 4 Februari 2013. Lodwar.

Nafasi ni moja. Imethibitishwa na Mugure, afisa wa elimu wa shirika moja huko Kakuma, kwa simu, asubuhi hii. Waombaji waliobaki ni wawili: mimi, na Madam Nekesa, mwalimu wa darasa la sita hapa mjini. Nekesa! Mwanakwaya. Mtu anayemwambia kila mpita njia "ejok", salamu ya Kiturkana, kisha anasimama kusubiri ajibiwe.

Kazi ni kufundisha Kiingereza watu wazima katika kambi ya wakimbizi. Inakuja na nyumba. Nyumba ina feni, tangi la maji na mlango unaofungika. Naihitaji. Gazeti la Nairobi nililoliandikia habari kwa miaka kumi na moja limeacha kuchapa habari zangu tangu Desemba, bila maelezo. Na Akaale, mwenye chumba ninachokaa, ambaye pia ana hoteli ya chai hapo mbele, amesema kuanzia Machi chumba ni cha mafundi wa mafuta. Hakukasirika. Alikuwa akinimiminia chai.

Mtihani: Ijumaa tarehe 15, Kakuma. Kila mwombaji atafundisha mbele ya Mugure. Somo ni lile lile kwetu sote: kulinganisha vitu kwa vivumishi virefu vya Kiingereza. Vile vifupi huongezwa mkia, "-er" au "-est". Virefu havitaki mkia. Huwekewa "more" mbele ukilinganisha viwili, na "most" ukimtaja anayewapita wote. Rahisi. Mimi nimeandika "most" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu.

Lakini kuna sharti. Kila mmoja aje na mwanafunzi mmoja aliyemfundisha mwenyewe. Nilimwambia Mugure wanafunzi wangu ni wengi, shida yangu ni kuchagua.

Sina mwanafunzi. Sijawahi kumfundisha mtu yeyote chochote. Nikakata simu, nikakaa chini, nikashtuka. Mimi si mtu wa kushtuka. Nimeripoti mto Kawalase ukibeba lori huku dereva ameketi juu yake akila mandazi. Sikushtuka. Nilimuuliza jina lake na umri.

Mpango: chuo. Nafungua keshokutwa ndani ya hoteli ya Akaale.

Jumatano, 6 Februari.

Chuo kimefunguliwa. Chuo kimefungwa. Yote kabla ya chakula cha mchana.

Nieleze kwa mpangilio. Jana nilipita sokoni nikitangaza kwamba watu wa mafuta wa Lokichar wanaajiri yeyote anayejua "most". Chanzo cha habari hiyo: mimi. Leo asubuhi wakaja watatu. Mzee Emuria na mzee Lokiru, wafanyabiashara wa mifugo, marafiki tangu utotoni, kila mmoja na ekicholong chake, kile kigoda cha kukalia mchana na kulaza kichwa usiku. Na Nakeno, anayesuka vikapu, ambaye alikuja na kazi yake mkononi na hakuiacha hata mara moja.

Ubao ulikuwa bango la mgombea mmoja wa uchaguzi wa mwezi ujao, limegeuzwa nyuma mbele. Upepo ukivuma, mgombea alichungulia.

Walielewa haraka. Nakeno alisema "more expensive" kabla sijamaliza kueleza. Nikaona nyumba. Nikaona feni.

Hapo nikataka mfano hai. Mwandishi wa habari hafundishi kwa mifano ya kubuni. Juzi nilipita mnadani nikaona maksai wawili. Wa Emuria mwekundu, pembe zimeviringana mpaka karibu zikutane. Wa Lokiru mweupe mwenye madoa meusi, pembe moja imeelekea mbele, nyingine imerudi nyuma. Nimeona kwa macho yangu. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikasoma kwa sauti, nikatafsiri ili pasiwe na shaka: maksai wa Emuria ni "more beautiful" kuliko maksai wa Lokiru.

Nakeno alikusanya kikapu chake akahamia nje, kwenye jua. Akaale alizima redio. Lokiru hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Mwalimu, umeona hiyo ng'ombe yangu wakati ya mvua?" Nikasema hapana. Akauliza, "Umeona ikilia asubuhi?" Nikasema hapana. Akauliza ni nani amenituma. Nikasema hakuna, ni mfano tu. Akainua ekicholong chake akatoka.

Nikamgeukia Emuria, nikitarajia shukrani. Emuria alikuwa amekasirika zaidi! Alisema sasa Lodwar nzima itasema amemnunua mwalimu asifu ng'ombe yake. Alisema yeye na Lokiru wametembea na ng'ombe hao mpaka Nakalale na kurudi, na hakuna siku hata mmoja wao ametamka neno kama hilo. Akatoka pia. Nilibaki na mgombea.

Nimeshtuka. Sentensi ilikuwa sahihi kabisa.

Alhamisi, 7 Februari.

Maelezo yametolewa na Akaale, akiosha vikombe.

Anasema mwanamume haitwi jina lake tu. Anaitwa kwa maksai wake. Emuria ni Apaloreng, baba wa yule mwekundu. Pembe za maksai zimetengenezwa kwa mkono tangu akiwa ndama, na mwenyewe akicheza huinua mikono ifanane nazo. Nikimwambia Lokiru maksai wake amepitwa kwa uzuri, nimemwambia Lokiru amepitwa kwa uzuri, mbele ya rafiki yake na mbele ya mwanamke. "Mutua, umekaa hapa hiyo miaka yote ukiandika habari ya ng'ombe kuibwa. Hata siku moja hukuuliza ni ya nini?"

Nilimuuliza kama naweza kusahihisha kwa kumpa maksai wa Emuria neno la kumpunguza kidogo, ili wawe sawa. Akaale alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Alipopata pumzi akaniambia Lokiru ameshapita hapo asubuhi, na ametoa sharti lake. Hataki mbuzi wa fidia. Hataki kuombwa msamaha chumbani. Mdomo uliomshusha maksai wake hadharani umpandishe hadharani. Jumamosi mnadani niimbe. Wimbo wa maksai wake, mikono juu.

Nikasema mimi ni mwandishi wa habari, siimbi. Akaale akasema sawa, basi nitafute mwanafunzi Kitale.

Jumamosi, 9 Februari.

Nimeimba.

Mpango ulikuwa mzuri. Sijui wimbo wa Kiturkana, kwa hiyo niliamua kuimba kwa Kiingereza, ambacho wachache wangeelewa. Na badala ya kurudi kwenye "more" iliyoniletea balaa, nikapanda moja kwa moja hadi "most". Asiwe mzuri kuliko wa Emuria. Awe mzuri kuliko wote. Nani angelalamika?

Nilisimama katikati ya mnada. Mkono mmoja mbele, mwingine nyuma, kama zile pembe. Ni mkao unaoumiza bega. Nikaimba, kwa sauti ya wimbo wa kanisani niliokulia nao kwetu Mwala, kwamba maksai wa Lokiru ndiye "the most beautiful ox in Turkana". Nikarudia. Lokiru alisimama kando, macho kwenye upeo wa vilima, uso haukusogea. Lakini vidole vyake vilikuwa vinapiga mdundo kwenye fimbo. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Kisha mzee mmoja mrefu, Aregae wa Lokiriama, aliyekuja na mifugo yake mwenyewe, akauliza kwa sauti huyo Mkamba anasema nini.

Hakuna aliyejua. Isipokuwa mtu mmoja. Nekesa! Alikuwa amekuja kununua nyama. Nilimtazama. Nilimtikisia kichwa. Nilifanya kila kitu isipokuwa kupiga magoti. Nekesa hajui kusema uongo, ni kasoro aliyonayo. Akatafsiri. Taratibu, kwa Kiturkana safi, mpaka neno la mwisho: Turkana yote.

Sikuwa nimefikiria kwamba mnadani kila mwanamume ana maksai.

Niliondoka kwa kupitia nyuma ya mabucha. Aregae hakunifukuza. Alituma tu ujumbe kwamba wimbo wake ataungoja, na maksai wake ni wa kijivu, nisije nikakosea rangi.

Ripoti lazima iwe kamili: Lokiru amekuja jioni hotelini kwa Akaale, akaweka ekicholong chini, akasema ejok. Amesema deni la mdomo limekwisha. Amesema niliimba vibaya sana lakini mikono ilikuwa sawa. Atakwenda nami Kakuma.

Nina mwanafunzi!

Jumanne, 12 Februari.

Habari mbaya. Chanzo: Odongo, dereva wa lori la mizigo, ambaye husikia kila kitu kwa sababu haharakishi kunywa chai.

Emuria anasoma kwa Nekesa. Nakeno pia. Wanakutana kwenye kibaraza cha kanisa. Nikamuuliza Odongo anawafundisha nini. Akasema, "Siku tu, bro. Jana, leo, kesho. Leo ni mbaya kushinda jana. Watu wanakubaliana tu. Nani ana siku yake?"

Nikasema ni njia ya kitoto. Odongo akauliza mbona basi nimekunja uso.

Mpango mpya, na huu ndio bora kuliko yote. Tatizo langu lilikuwa kulinganisha mali za watu. Kakuma sitalinganisha mali ya mtu. Nitalinganisha walimu. Nimemfundisha Lokiru sentensi mbili tu. Ya kwanza: Mister Mutua ni "more experienced", mzoefu zaidi, kuliko Madam Nekesa. Ya pili: Mister Mutua ndiye "the most reliable", wa kutegemewa kuliko walimu wote wa Turkana. Somo na ushahidi kwa pamoja. Mugure atasikia kivumishi kirefu na sababu ya kuniajiri katika pumzi moja.

Lokiru ana kumbukumbu ya kutisha. Alishika zote mbili mara moja. Akataka na nyingine, nikampa "patient", mvumilivu, "intelligent", mwenye akili, na "respectable", wa kuheshimika, ili asikae bure. Alizirudia kutwa akipitisha mbuzi wake mtoni.

Jioni aliniuliza kama hiyo sentensi ya kwanza ni kweli. Nikamwambia mtihani hauulizi kweli, unauliza "more". Akakwaruza mchanga kwa fimbo. Kisha akauliza kama huyo mama atakuwepo akisikia. Nikasema ndiyo, na hiyo ndiyo raha yake.

Akairudia tena, polepole. Mwanafunzi mzuri.

Ijumaa, 15 Februari. Kakuma.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe nje ya ua wa shirika. Nitaandika ukweli mtupu.

Tulikuja na lori la Odongo. Nekesa na Emuria mbele, mimi na Lokiru nyuma juu ya magunia ya vitunguu. Emuria na Lokiru walizungumza njia nzima kupitia dirisha dogo la nyuma. Wamepatana. Hakuna aliyenijulisha.

Darasa: watu wazima kama thelathini kwenye banda la mabati. Wasomali wa sokoni, Wasudani, Wakongo wawili waliobishana kwa Kifaransa nani akae karibu na mlango. Mbele kabisa Wal, fundi cherehani kutoka Sudan Kusini, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mugure aliketi pembeni na chupa ya maji. Aliniambia kwa upole kwamba amesikia nilifungua chuo. Sikuuliza amesikia nini zaidi.

Nekesa alianza. Siku, kama alivyosema Odongo. Vumbi la jana, vumbi la leo. Darasa liliongea kwa pamoja kama soko. Kisha Emuria akasimama, akasema polepole kwamba jua ni "uncomfortable", vumbi ni "more uncomfortable", na "the most uncomfortable" ni siku bomba la maji limekauka. Makofi. Wal alipiga meza. Hata mimi, kwa bahati mbaya, nilitikisa kichwa kwa kukubali.

Zamu yangu. Nilieleza kanuni. Nilieleza vizuri, nitalisema hilo hata kortini. Kisha nikamwita Lokiru.

Akasimama wima. Akasema, bila kosa, Mister Mutua ni "more experienced" kuliko Madam Nekesa.

Wal akageuka kumtazama Nekesa. Wengine wakafuata. Nekesa aliinamisha uso, akaanza kukunjua na kukunja kona ya leso yake. Mugure akaandika kitu. Nikangoja sentensi ya pili.

Haikuja.

Lokiru alimtazama Nekesa. Akanitazama mimi. Akasema kwa Kiswahili, darasa zima likisikia, "Mwalimu, mimi nimeshusha huyu mama mbele ya watu. Wewe unajua hiyo dawa yake."

Nikasema hapana, Lokiru, hapana, kaa chini, hapa si mnadani.

Akasema Jumamosi ya mnada ni mbali, deni hili halingoji.

Akainua mikono! Mmoja mbele, mwingine nyuma. Madam hana ng'ombe, alieleza, kwa hiyo leo anamwazima pembe za maksai wake. Na akaimba. Sauti ambayo sikujua anayo, ilijaza mabati. Kwa Kiingereza! Madam Nekesa ni "more patient" kuliko Mister Mutua. Madam Nekesa ni "more intelligent" kuliko Mister Mutua. Madam ni "the most respectable". Madam ni "the most beautiful". Kila neno nililompa asikae bure! Hakukosea hata moja! Kwenye "the most reliable", ile sentensi yangu, ile yangu mwenyewe, alifunga macho na kuivuta mpaka nje watu wakasimama.

Wal alianza kupiga makofi ya mdundo. Kisha Wasudani wote. Kisha Wakongo, waliosahau mlango. Mama mmoja wa Kisomali aliinuka akaniambia, kwa Kiingereza sanifu, kwamba wimbo ni "more interesting" kuliko somo. Emuria aliingia kwenye kiitikio, mikono yake imeviringana juu ya kichwa. Nekesa alikuwa amefunika uso wote kwa leso, mabega yanatikisika, sikuweza kujua ni kicheko au ni nini.

Nilibaki nimesimama na chaki.

Mugure alisubiri patulie. Akaniambia hajawahi kuona mwanafunzi aliyeshika vivumishi virefu namna hiyo, akanipa hongera za dhati. Kisha akasema mwanafunzi huyo ni wangu, nimemleta mwenyewe, nimemfundisha mwenyewe, na ametoa maoni yaliyo wazi. Atakuwa nani yeye kumbishia? Kazi ni ya Nekesa.

Nikamuuliza Lokiru kwa nini. Alikuwa anajipangusa jasho. Alishangaa kweli. Alisema alidhani nimemleta makusudi kwa ajili hiyo, kwa kuwa mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kulipa namna hiyo na kuona inavyotuliza. Alisema aliniheshimu siku ile mnadani. Akaniuliza kama mikono yake ilikuwa sawa.

Ilikuwa sawa.

Jumatatu, 18 Februari. Lodwar.

Nilimpigia Mugure kukata rufaa. Nilisema mwanafunzi alizungumza akiwa na hisia. Alisema mbinu yangu ilikuwa "the most effective" ya msimu, na akanitakia siku njema.

Nekesa amehama leo. Lokiru na Emuria walimbebea godoro mpaka kwenye lori, mmoja kila upande, wakibishana nani anatembea haraka mno. Kabla ya kupanda alikuja kuniaga, nyumba kwa nyumba kama kawaida yake. Alisema ejok, akasubiri, ikabidi nijibu. Akanishauri kwamba nikifundisha tena nilinganishe siku, barabara, upepo. Vitu visivyo na mwenyewe. Nilimshukuru. Ushauri wa aliyeshinda huwa mwingi.

Sasa habari njema, na imethibitishwa na msemaji wa kampuni moja ya makandarasi huko Lokichar. Wanataka kuwa na ujirani mwema na wafugaji. Wameandaa mashindano ya maksai. Wanatafuta mtu mzoefu, asiye na upande, anayejua Kiingereza mbele ya wageni, awe mwamuzi. Mambo yakienda vizuri kuna kazi ya kudumu ya afisa uhusiano, na chumba ndani ya kontena chenye kipoza hewa. Kipoza hewa! Feni ya Kakuma ni kitu gani?

Nimekubali papo hapo.

Makosa yangu ya awali nimeyachambua bila huruma. Lodwar nililinganisha wawili, ndiyo maana mmoja akaumia. Safari hii nitawapanga wote kwa mstari, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, nikitaja majina yao na ya wenyewe, ili pasiwe na siri. Haki itaonekana. Ili kuokoa muda, matokeo nimeshayaandika.

Lokiru amejiandikisha. Emuria amejiandikisha. Kutoka Lokiriama amekuja ujumbe kwamba Aregae ameanza safari na yule wa kijivu. Nakeno anapeleka vikapu akauze, kwa sababu anasema watu watakuwa wengi na hawataondoka mapema.

Nimemsomea Akaale mpango mzima. Alisikiliza mpaka mwisho, birika mkononi. Hakucheka. Aliuliza tu kama nina sauti ya kutosha nyimbo zote hizo.

Nimemwambia kutakuwa na kipaza sauti.

Ni Jumamosi hii, tarehe 23, saa nne asubuhi, mnadani Lokichar.